Nia, Sifa na Saa Katika Miswada ya Kisanskriti

Msomaji aliyezoea kitabu cha chapa, chenye jalada gumu na jina la mtungaji juu yake, akitiwa mkononi mswada wa Kisanskriti huenda asijue kwamba ameshika kitabu. Atakachokiona ni fungu la vipande virefu vyembamba, vya jani lililokaushwa au vya karatasi iliyokatwa mfano wa jani, vilivyobanwa baina ya vibao viwili na kuzungushiwa kitambaa ambacho aghalabu ni chekundu. Katika mafungu ya namna hii Wahindu wameweka, kwa zaidi ya miaka elfu, sheria zao, tiba yao, nahau yao na mashairi yao, na zaidi ya hayo elimu ya kuabudu na elimu ya kuzijua nyakati zifaazo kwa ibada. Marehemu David Pingree, mwanachuoni wa Kimarekani aliyeutumia umri wake katika kuzichungua nuskha za falaki ya Kihindi, alikisia kwamba miswada ya Kihindi iliyosalia duniani yapata milioni 30.

Kisanskriti kikitajwa, fikira za wengi hukimbilia Veda na Bhagavad Gita, kama kwamba makabati ya maktaba yamejaa vitabu hivyo vikuu peke yake. Sivyo. Sehemu kubwa ya miswada ya dini ni vitabu vidogo vya kazi: miongozo ya kuhani, sifa za miungu zilizotungwa zipate kusomwa kwa sauti, kalenda, majedwali ya sayari na hati za kuzaliwa. Waandishi wa orodha huvigawa vitabu hivi mafungu matatu, wakaiweka ibada upande huu, sifa upande ule, na falaki mbali nazo. Lakini katika mfuko wa kuhani anayekwenda kufungisha ndoa mambo matatu hayo hayatengani, kwa kuwa mwenye kuabudu hana budi ajue la kutenda, na la kusema, na saa ya kutenda na kusema.

Tuanze na kitabu chenyewe kabla ya yaliyomo. Katika India ya kusini, na hapo kale katika sehemu nyingi za kaskazini vilevile, mwandishi alitumia jani la mti wa jamii ya mvumo. Majani yalichemshwa, yakaanikwa, yakasuguliwa hata yakawa laini, kisha yakakatwa kwa kipimo kimoja na kutobolewa tundu moja au mawili ya kupitishia uzi. Kaskazini mwandishi alichovya kalamu katika wino. Mwenzake wa kusini alishika chuma chenye ncha kali, akachora herufi juu ya jani pasipo wino wowote, na maandishi hayo hayakusomeka sawasawa mpaka jani lilipopakwa masizi yaliyochanganywa na mafuta na kupanguswa, masizi yakabaki ndani ya michoro na uso wa jani ukawa safi. Katika Kashmir na pande za milima ya Himalaya watu waliandika juu ya gome la mti uitwao bhurja, ambalo hubanduka tabaka baada ya tabaka. Karatasi ilipoenea kaskazini, yapata tangu karne ya 13, waandishi hawakuiacha desturi ya wazee wao: waliikata ndefu na nyembamba, na wengine wakaacha mahali patupu katikati ya ukurasa, pale ambapo tundu lingalikuwapo, ijapokuwa uzi haukuhitajiwa tena.

Vitu hivyo vyote adui zao ni wengi. Joto na unyevu wa mabonde ya India, wadudu na panya, havikuruhusu jani kuishi karne nyingi, na kwa sababu hiyo nuskha za kale mno zimepatikana zaidi katika Nepali, nchi yenye baridi, ambako mmojawapo wa miswada ya Skandapurana una tarehe inayolingana na mwaka 810 wa Masihi. Kwingineko kitabu kiliishi kwa kunukuliwa tu. Aliyenukuu kitabu cha dini, au aliyemlipa katibu amnukulie kisha akakitoa sadaka kwa Brahmin, yaani mtu wa tabaka la makuhani, au kwa hekalu, alitumaini kupata thawabu. Kazi hiyo ilifanywa kwa herufi nyingi, maana lugha hii haikufungwa katika mwandiko mmoja: mbali na Devanagari inayojulikana leo, imeandikwa kwa Sharada huko Kashmir, kwa Grantha katika nchi ya Watamil, kwa Kitelugu, Kimalayalam, Kibengali na Kinewari, hata mwanachuoni anayetaka kulinganisha nuskha za utungo mmoja yampasa ajifunze kusoma miandiko minne au mitano.

Kunukuu huzaa makosa. Abu Raihan al-Biruni, aliyezaliwa Khwarizm mwaka 973, akajifunza Kisanskriti na kutunga yapata mwaka 1030 kitabu kikubwa juu ya India, aliyaeleza majani yaliyotungwa kwa uzi na magome ya kaskazini, kisha akanung'unika kwamba makatibu wa Kihindi ni wazembe, hawalinganishi nakala na asili yake, na kitabu kikinukuliwa mara moja au mbili huwa kama kitabu kingine. Shutuma hiyo ni kali, wala si ya haki kwa wote, maana ukitazama nuskha nzuri ya karatasi utaona jinsi mnukuzi alivyojisahihisha: herufi iliyokosewa imefunikwa kwa rangi ya manjano ya zarniki, juu yake ikaandikwa iliyo sahihi, na neno lililorukwa limetiwa pambizoni, likaonyeshwa mahali pake kwa alama ndogo iitwayo unyayo wa kunguru.

Sasa tuyaangalie yaliyomo, na tutangulize ibada. Veda zenyewe, Rig, Yajur, Sama na Atharva, zilihifadhiwa kwanza vifuani, wala si kwenye majani. Mtoto wa Brahmin alikaririshwa maneno kwa mfuatano wake, kisha mawili mawili, kisha kwa kwenda mbele na kurudi nyuma, hata silabi moja isiweze kupotea, na aliyejifunza Veda kwa kuisoma kitabuni hakuhesabiwa kuwa ameipokea kama ipasavyo. Lakini Veda haimwelekezi kuhani wa mtaani hatua kwa hatua jinsi ya kumpa mtoto jina, kumvisha kijana uzi mtakatifu, kufungisha ndoa, kuchoma maiti, au kuwatolea wazee waliokufa vidonge vya wali. Kwa haja hizo palitungwa miongozo iitwayo prayoga na paddhati, ambayo idadi yake haikadiriki. Ni vitabu vya maneno machache. Huagiza maji yawekwe wapi na nyasi ya kusha ielekezwe upande gani, kisha hutaja neno la kwanza au mawili ya aya inayotakiwa na kuishia hapo, kwani mwenye kukitumia kitabu anayajua yaliyobaki kwa moyo.

Katika miongozo hiyo pana mahali ambapo ibada, sifa na falaki hufungwa fundo moja, napo ni pale mwanzoni panapoitwa sankalpa, yaani nia. Mwenye kuabudu huchukua maji katika kiganja na kutamka kwamba yeye, wa ukoo fulani, aliyepo nchi fulani, katika mwaka fulani, jua likielekea kaskazini au kusini, katika majira fulani, mwezi fulani, nusu yake angavu au nusu yake ya giza, siku ya mwezi fulani, siku ya juma fulani, na mwezi wa mbinguni ukiwa katika manzili fulani, anakusudia kufanya ibada hii kwa ajili ya jambo hili. Katika mswada neno lililoandikwa kila mahali ni amuka, yaani fulani, na kuhani hulijaza kwa ulimi kila anapoalikwa. Haiwezekani kulijaza pasipo kalenda. Ibada ndogo kuliko zote, hata ikiwa ya dakika chache kando ya mto, huanza kwa mtu kujitaja mahali pake katika anga na katika zama.

Fungu la pili ni la sifa. Humo mna stotra, tungo za kumtukuza Vishnu, Shiva, Mungu wa kike na wengineo, na visomo vitokavyo katika Purana, yaani vitabu vya hadithi za kale. Vitabu hivi vilifika mbali kuliko Veda, kwa sababu Veda zilikuwa milki ya wanaume wa tabaka za juu, ambapo hadithi za Purana na majina ya Mungu viliruhusiwa kusikilizwa na wanawake na watu wa tabaka za chini. Yako majina elfu moja ya Vishnu, yaliyotoka katika Mahabharata, ambayo wengi huyasoma kila siku. Iko Devi Mahatmya, ihesabiwayo kuwa na aya 700, ambayo husomwa katika zile siku tisa za Navaratri. Iko Bhagavata Purana, yenye sehemu 12, ambayo msomaji mwenye sauti njema huisoma mbele ya jamaa kwa siku saba. Umbo la mswada hufuata kazi yake: Bhagavata ya tajiri ilitiwa picha za rangi na dhahabu, na mkusanyo wa stotra za mtu wa kawaida ukawa kitabu kidogo kilichoshonwa, cha kutia mfukoni, chenye pembe zilizokwisha kwa kushikwa.

Fungu la tatu ni falaki, iitwayo jyotisha, na hapa pana mengi, kwa kuwa Wahindu hawakutenga baina ya kupima mwendo wa nyota na kuzitolea hukumu kama watu wa leo watengavyo. Msingi wake ni panchanga, kalenda ya viungo vitano: siku ya juma, tithi, nakshatra, yaani manazili ya mwezi, ambayo kwao ni 27 ambapo wanafalaki wa Kiarabu na wa pwani yetu huhesabu 28, yoga, ambayo hapa ni hesabu ya kujumlisha mwendo wa jua na wa mwezi, na karana, ambayo ni nusu ya tithi. Ugumu wote umo katika tithi. Tithi si siku ya saa 24, bali ni muda ambao mwezi huutumia kulitangulia jua kwa nyuzi 12, na kwa kuwa mwezi huenda mara kwa kasi na mara kwa taratibu, tithi huweza kuwa ya saa 19 na ushei au kukaribia saa 27. Huweza kuanza saa yoyote, iwe adhuhuri au usiku wa manane, na siku nzima hubeba jina la ile iliyokuwapo wakati wa kuchomoza jua. Hutokea basi tithi moja ikakuta macheo mawili ikahesabiwa mara mbili, na nyingine ikazaliwa na kufa baina ya macheo na macheo, isihesabiwe kabisa.

Mambo hayo si mchezo kwa mtu anayetaka kufunga siku ya kumi na moja ya kila nusu ya mwezi au kumkumbuka baba yake katika tithi aliyofia. Kama vile mwezi mwandamo uwezavyo kuwagawanya watu wa mji mmoja, hawa wakafunga na wale wakangoja, ndivyo tithi ilivyowagawanya Wahindu tangu kale, na wanachuoni wao wakatunga vitabu vinene vya kukata shauri. Mashuhuri miongoni mwavyo ni Nirnayasindhu, alichokitunga Kamalakara Bhatta wa Varanasi mwaka 1612, ambacho nakala zake zimeenea India nzima. Fauka ya hayo, kwa kuwa miezi 12 ya mwandamo haifikii mwaka wa jua, Wahindu huongeza mwezi mzima baada ya kila miezi ipatayo 32 au 33, na kwa hesabu hiyo sikukuu ya Diwali haizunguki mwaka mzima kama izungukavyo Ramadhani, bali hurejea daima baina ya Oktoba na Novemba.

Elimu hii haikuzaliwa yote India, wala haikukaa India peke yake. Varahamihira wa karne ya 6, ambaye Brihat Samhita na Brihajjataka zake zilinukuliwa kupita kiasi, alikiri kwamba Wayunani, ingawa ni wageni wasio na tohara machoni pa Mabrahmin, wanastahili heshima kwa ujuzi wao wa nyota. Katika miaka ya 770 kitabu cha falaki kutoka India kilifasiriwa Baghdad katika enzi ya Khalifa al-Mansur, na kutokana nacho zikatoka zij, yaani majedwali ya falaki, za Sindhind ambazo wanafalaki wa Kiislamu walizitumia kwa vizazi. Baada ya karne kadhaa mkondo ukageuka: Wahindu walichukua kwa Waajemi na Waarabu elimu ya kutabiri mwaka wa mtu mmoja mmoja, wakaiita tajika, na Nilakantha, mnajimu wa zama za Sultani Akbar, akaiandikia mwaka 1587 kitabu cha Kisanskriti ambacho istilahi zake nyingi ni za Kiarabu, ittisal ikiwa itthashala na sahm ikiwa sahama. Makuhani waliokitumia walikisoma kama walivyosoma vitabu vya babu zao.

Mswada wa falaki ulio wa kawaida kuliko wote, hata hivyo, si wa Varahamihira wala wa Nilakantha, bali ni hati ya kuzaliwa ya mtu asiyejulikana. Katika Rajasthani na Gujarati huandikwa juu ya ukanda mrefu wa karatasi unaokunjwa mviringo, kichwani pana sura ya Ganesha, kisha dua, kisha mwaka, mwezi, tithi na saa ya kuzaliwa, halafu mraba uliopigwa mistari ya pembe kwa pembe hata ukatoa nyumba 12, na ndani yake hutiwa sayari tisa, zikiwemo Rahu na Ketu, ambazo hazionekani kwa macho kwa kuwa ni pale njia ya mwezi inapokatana na njia ya jua, panapotokea kupatwa. Saa yenyewe haikupimwa kwa dakika. Siku iligawiwa ghati 60, kila ghati ikiwa dakika 24 za leo, na chombo cha kuipimia kilikuwa bakuli la shaba lenye kitundu chini, ambalo huwekwa lielee juu ya maji ndani ya karai, maji yakaingia kidogo kidogo hata ghati inapotimia bakuli likazama. Mtumishi akaliinua, akalimwaga, akaliweka tena majini na kuhesabu moja zaidi. Bibi na bwana harusi walingoja bakuli lizame ndipo mikono yao iunganishwe, kwa kuwa saa ya saada ikipita haingojei wageni.

Miswada hii leo imetawanyika. Katika karne ya 19 wanachuoni Georg Bühler na R. G. Bhandarkar, miongoni mwa wengine, walizunguka kwa idhini ya serikali wakinunua nuskha kwa makuhani na wajane wao, na walizozikusanya ziko Pune, katika taasisi iliyofunguliwa mwaka 1917 kwa jina la Bhandarkar. Thanjavur ina maktaba ya wafalme iliyokuzwa na Serfoji wa Pili. Varanasi na Chennai zina hazina kubwa. Na Pondicherry imehifadhi majani ya madhehebu ya Shiva. Nyingine zilivuka bahari: mwaka 1909 waziri mkuu wa Nepali, Chandra Shum Shere, aliipa maktaba ya Oxford zaidi ya nuskha 6,000, na Chuo Kikuu cha Pennsylvania kina zipatazo 3,000. Theodor Aufrecht aliziorodhesha zilizojulikana kwake katika juzuu tatu baina ya 1891 na 1903, na orodha mpya iliyoanzishwa Madras, ndiyo Chennai ya leo, katika miaka ya 1930 imekuwa kazi ya vizazi. Mwaka 2003 serikali ya India iliunda idara ya kutafuta na kuhifadhi zilizobaki majumbani na mahekaluni.

Kwa watu wa pwani jambo hili si geni kama lionekanavyo. Wabaniani wa Kach na Gujarati walikaa Maskati, Unguja na Mombasa vizazi vingi, na nyumba ya Jairam Shivji, wa ukoo wa Bhatia kutoka Kach, ilishika ijara ya forodha ya Unguja katika zama za Sayyid Said. Mwaka wao wa biashara uliishia Diwali: siku hiyo madaftari mapya yalifunguliwa mbele ya mungu wa kike Lakshmi, kurasa zao za kwanza zikatiwa alama za baraka, na siku iliyofuata ikawa mwaka mpya wa hesabu ya Vikrama. Jirani Mwislamu aliyeona taa zimewashwa dukani alikuwa akitazama matunda ya panchanga, ijapokuwa hakupata kuiona.

Limebaki jambo moja la kueleza, nalo ni jinsi mwanachuoni anavyojua umri wa mswada. Mnukuzi alipofika mwisho aliandika khatima: jina lake, mji wake, jina la aliyemwandikia, mara nyingi na malalamiko ya mgongo na shingo kuuma, na ombi kwamba kitabu kilindwe na maji, mafuta na kamba legevu, wala kisitiwe mkononi mwa mjinga. Pamoja na hayo aliandika mwaka. Huenda aliuandika kwa tarakimu, huenda kwa mafumbo yanayokaribia abjadi, ambamo macho ni mbili, mishale ni tano, wahenga ni saba na mwezi ni moja. Na kwa kuwa husomwa kutoka mwisho kwenda mwanzo, macho, mishale, wahenga na mwezi ni mwaka 1752, ambao katika hesabu ya Vikrama ni yapata 1695 wa Masihi. Lakini kuna Vikrama, kuna Shaka iliyo nyuma ya Masihi kwa miaka 78, na kuna hesabu ya Nepali; na mwandishi aghalabu hakusema ametumia ipi.

Hapo ndipo falaki inapokuja kuwa shahidi. Mnukuzi hakuandika mwaka tu, bali kwa mazoea ya sankalpa aliandika pia mwezi, nusu yake, tithi na siku ya juma, na tithi fulani haiangukii siku fulani ya juma katika kila mwaka. Mwenye kujua hesabu za panchanga hurudi nyuma, akaijaribu Vikrama, akaijaribu Shaka, mpaka apate mwaka ambao yote yanapatana. Na ikiwa hapana hata mmoja, atajua kwamba mnukuzi aliteleza au kwamba khatima ni ya kughushi. Kwa hivyo aliyetaka kuchunguza mwongozo wa ibada au kitabu cha sifa, akaidharau kalenda kwa kudhani ni ushirikina wa wanajimu, hataweza hata kusema kitabu hicho kiliandikwa lini. Na mgawanyo wa mafungu matatu, unaofaa sana kwa mpangaji wa makabati, utamdhuru yeye asipoukumbuka mfuko wa kuhani ambamo vyote vilitembea pamoja.